Mshono Uliolala Sawa

Katika nyumba ya Bonareri, Kiswahili kilikaa pamoja na vikombe vya wageni. Kilitolewa alipokuja muuza sufuria, au mtu wa sensa, au Gentrix. Wenyewe kwa wenyewe walisemezana Kikisii, wakicheka na kukatizana. Gentrix alipoingia jikoni mazungumzo yalikatika kama maji ya mfereji, kisha Bonareri akageuka na kusema kwa adabu iliyokuwa baridi kuliko tusi, "Karibu, fundi. Umekunywa chai?"

Fundi. Hakuwahi kumwita jina lingine.

Gentrix alikuwa mtu wa Kendu Bay, upande wa ziwa. Aliishi na Mogaka, kifungua mimba wa Bonareri, katika chumba cha kupanga kule Nyanchwa, mlimani juu ya mji wa Kisii. Ufundi wake ulikuwa kubandika karatasi za ukutani, zile ambazo wateja wake wa mjini huziita wolpepa. Alikuwa amezibandika kwenye saluni, hotelini na katika nyumba za walimu, na hakuna aliyemwita tena kuja kurekebisha. Lakini ng'ombe wa mahari walikuwa hawajatoka kwa kina Mogaka kwenda kwao, na mbele ya ukoo mwanamke wa namna hiyo ni mgeni aliyechelewa kuaga tu.

Sabato moja, akina mama wa kanisa wakiwa wameketi uani baada ya ibada, Bonareri aliweka ahadi. Aliiweka kwa mzaha, ila kwa sauti kubwa.

"Huyu anasema ni fundi. Basi abandike sebule yangu! Nikipitisha ukucha ukutani nisikwame kwenye mshono hata mmoja, mimi mwenyewe nitawaambia wazee wafungue zizi."

Akina mama wakacheka, mmoja akapiga makofi. Gentrix hakucheka. Aliipokea ahadi ile kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhiwa kitoto kichanga.

Siku ikapangwa. Jumapili, shangazi Bitutu, dada mkubwa wa baba yake Mogaka, angekuja kutoka Nyamarambe na wazee wa ukoo kuamua habari ya ng'ombe. Neno la Bitutu halikuwa likirukwa na mtu katika ukoo ule. Kazi ingefanywa Ijumaa, tena ingemalizika kabla ya jua kutua, kwa sababu nyumba ile ya kina Bonareri, kule Magwagwa, ilikuwa ya Wasabato wa kweli: jua likishazama Ijumaa, hata ufagio haukuinuliwa.

Kulikuwa na jambo moja la kumtia wasiwasi Gentrix, nalo lilikuwa mzee Ogoti, baba mkwe wake.

Si kwamba Ogoti alikuwa mbaya. Katika nyumba nzima, yeye peke yake ndiye aliyemchukua Gentrix kama mkamwana, na alimchukua hivyo kwa kumkwepa. Wakisii wana heshima yao iitwayo chinsoni, ile aibu njema iliyo kati ya mkwe na mkamwana. Hawapeani mikono. Hawaketi karibu. Mkamwana hasimami mahali palipo juu ya kichwa cha baba mkwe, si mtini, si darini, si kwenye ngazi, na baba mkwe haingii mahali alipo mkamwana bila kumpa nafasi ya kujiweka sawa. Kwa hiyo Ogoti, kila alipokaribia mlango ambao Gentrix alikuwa nyuma yake, alisimama kwanza na kukohoa. Hakuwa na kifua. Kilikuwa kikohozi cha heshima, kifupi, kikavu, na Gentrix alikipenda kuliko salamu zote za nyumba ile. Kikohozi kile kilimwambia: wewe ni wa hapa.

"Mama, mzee atakuwa wapi hiyo Ijumaa?" aliuliza. "Nitakuwa juu ya ngazi kutwa."

"Mzee atapeleka majani chai kituoni, akitoka hapo ana mkutano," alisema Bonareri. "Utamwona jioni. Wewe panda ngazi zako."

Ijumaa asubuhi Gentrix na Mogaka walifika na mizigo yao. Ukuta alikuwa ameutayarisha mapema: nyufa alishaziziba, na plasta ameipaka gundi nyepesi isije ikanywa gundi nzito kama mchanga unavyokunywa mvua. Akaning'iniza timazi, akachora mstari wa kwanza kwa penseli, akakata karatasi. Ilikuwa karatasi nzuri, rangi ya maziwa, yenye majani membamba ya kijani yaliyopanda juu.

Mshono wa karatasi hauna uchawi, ila una saa yake. Unapaka gundi mgongoni, unaikunja karatasi gundi kwa gundi na kuiacha inywe mpaka ilegee. Unaipandisha juu, unaisogeza kwa viganja mpaka ukingo wake ubusiane na ukingo wa jirani, bila kupandana na bila kuachana. Huivuti, kwa sababu karatasi iliyovutwa hukumbuka, na ikikauka hurudi ilikotoka. Kisha unangoja kidogo pale pale juu ya ngazi, gundi ishike lakini isikauke, ndipo unapitisha kirola, kigurudumu kidogo cha mpini wa mbao, kwa mkono mwepesi, toka juu hadi chini. Ukiwahi, gundi yote hutoka nje. Ukichelewa, ukingo unakauka kabla ya tumbo, unainua mdomo, na hapo hata ukiubembeleza utakuwa unabembeleza maiti.

Karatasi ya kwanza ilikwenda vizuri, na ya pili. Gentrix alikuwa juu, kirola mkononi, akiungoja mshono ufike saa yake, aliposikia kikohozi mlangoni.

Alishtuka nusura aanguke. Akateremka mbio, akajifunga leso vizuri, akatoka kwa mlango wa jikoni, macho chini. Ogoti akaingia taratibu, naye macho chini, akazungukazunguka sebuleni akitafuta miwani. Hakuipata haraka. Mzee wa watu alikuwa na haya kupapasa vitu kati ya ndoo za gundi.

Jikoni, Bonareri alikuwa akimenya ndizi.

"Mama, ulisema mzee ameenda kituoni."

"Amerudi. Kwani nimfungie nje ya nyumba yake?" Bonareri akatupa ganda la ndizi kwenye karai. "Nimemkumbusha miwani yake tu. Mtu mzima atasomaje bila miwani?"

Gentrix aliporudi, mshono ulikuwa umeinua mdomo. Akauloanisha kwa sponji, akaukandamiza, ukalala kidogo, kisha ukainuka tena, mwembamba kama ukingo wa ukucha.

Akabandika karatasi iliyofuata. Alikuwa amefika katikati ya kungoja aliposikia sauti ya Bonareri uani, na Kikisii chake kidogo kilitosha kukamata neno moja: redio. Baada ya hapo kikohozi kikaja, kifupi, kikavu. Akateremka. Mzee akaingia kuchukua redio. Mara nyingine ilikuwa kofia. Mara nyingine ufunguo wa stoo, ambao ulikuja kupatikana mfukoni mwa Bonareri mwenyewe, akacheka hadi machozi yakamtoka: "Uzee huu! Uzee huu utaniua!"

Ogoti hakucheka. Mara ya ufunguo alisimama mlangoni kitambo kirefu baada ya kukohoa, kama mtu asiyetaka kuingia. Lakini mke wake alikuwa nyuma yake akimhimiza, na mzee hakuwa na mazoea ya kubishana na mwanamke mbele ya mkamwana. Hata hilo lilikuwa heshima.

"Mama yako anafanya makusudi," Gentrix alimwambia Mogaka, aliyekuwa ameshika ngazi.

"Ah, Genti. Mama ni mtu wa utani tu. Umzoee."

"Utani gani huu? Ahadi ni yake na mishono inaharibika kwa ajili yake."

"Utairekebisha. Si una kile kibrashi chako kidogo?"

Kweli alikuwa nacho. Mshono ulioinuka huponywa: unaufungua mdomo taratibu, unalisha gundi kwa kibrashi, unangoja, unapitisha kirola. Unachohitaji ni muda na utulivu. Akajipa moyo kwamba Jumamosi, Sabato ikishatoka, angeomba ruhusa ayafanye hayo.

Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye migomba alipofikia karatasi ya mwisho, ile ya kando ya mlango wa mbele, ambayo mgeni yeyote angeiona kwanza. Akaipandisha. Kingo zikakutana vizuri kuliko zote za siku ile, mpaka majani ya huku yakakamilishwa na majani ya kule, na hakuna ambaye angeona yalikokatwa. Akashika kirola. Akangoja.

Kikohozi.

"Mzee, kitabu chako cha nyimbo kiko kabatini," alisikia Bonareri akisema nje, na safari hii alisema kwa Kiswahili, polepole, asije Gentrix akakosa kuelewa. "Chukua sasa hivi, Sabato inaingia."

Gentrix akashusha mguu mmoja. Alitazama dirishani: jua lilibaki ukucha tu. Akiteremka sasa, hapati nafasi ya kupanda tena.

"Usishuke," Mogaka alinong'ona kutoka chini. Alikuwa ameshika ngazi kwa mikono yote miwili.

"Baba yuko mlangoni."

"Hajavaa miwani. Hata hatakuona. Malizia, Genti, nakuambia mimi. Mimi ndiye mume wako. Malizia."

Akatazama uso wake. Ulikuwa uso anaoupenda, na wakati ule ulikuwa na ujasiri ambao alikuwa ameungoja siku nyingi. Akaurudisha mguu. Akaweka kirola juu kabisa, akakiteremsha kwa mkono mwepesi, pumzi kaibana, hadi pale mkono ulipofika.

Ogoti akakohoa mara ya pili. Kisha, kwa kuwa alikuwa amempa muda wa kutosha, akaingia.

Aliona miguu kwanza. Miguu mitupu ya mkamwana, usawa wa paji la uso wake. Alivuta kofia hadi ikamfunika macho, akageuka, akatoka bila kitabu cha nyimbo. Nyuma yake alikuwa amesimama Bonareri, na Bonareri hakufunika macho. Alitazama ngazi, akatazama ukuta, akatabasamu kama mtu aliyeonja mchuzi akakuta chumvi imekolea.

"Kazi nzuri, fundi," alisema.

Jumamosi, jua lilipotua, Gentrix alikwenda na kibrashi chake. Alikuta wageni wa kulala wameshafika kutoka Nyamarambe na magodoro yametandikwa sebuleni. "Kesho ni kesho," Bonareri alimwambia. "Karatasi imekauka, usituamshie watu." Akaenda kulala, akijipa moyo tena. Mshono mmoja angalau ulikuwa mzuri. Wakiuona huo, alifikiri, watajua mkono wangu unaweza nini.

Jumapili sebule ilijaa. Bitutu aliketi kwenye kiti kikubwa, mwanamke mnene, mwenye macho yanayocheka na mdomo usiocheka. Ogoti alikaa pembeni kabisa, kofia magotini. Mogaka alisimama karibu na kabati. Gentrix aliketi chini kwenye mkeka, karibu na mlango wa jikoni.

Bonareri hakungoja. Alieleza ahadi yake, akanyoosha kidole na kupitisha ukucha kwenye mshono wa kwanza.

Krr.

"Huo umekwama," akasema. Watu wakacheka. Akaenda kwenye wa pili. Krr. "Na huo. Jamani, huu ukuta una ngazi za kupandia panya!" Kicheko kikawa kikubwa zaidi, na mzee mmoja akauliza kama karatasi ilibandikwa kwa uji wa wimbi. Wa tatu, krr. Gentrix alikuwa ameuinamia mkeka, uso ukimwaka.

Bonareri akafika kando ya mlango. Ukucha ukapita juu ya majani ya kijani, ukateleza, ukateleza, kimya kama mkono juu ya jiwe la sabuni, lile la wachongaji, lililosuguliwa. Akarudia, mara hii polepole, mtu yeyote asije akakosa kuona.

"Ajabu," alisema. "Huu siuoni."

Bitutu aliinuka mwenyewe kwa shida, akaja, akapapasa kwa kidole gumba. "Lo! Huu ni mshono wa kweli. Mtoto, hebu inuka. Wewe ndiye uliyefanya huu?"

"Ndiyo, shangazi." Moyo wa Gentrix ulipanda.

"Mbona huu umelala hivi na mingine imeinuka? Mkono si ni ule ule?"

Lilikuwa swali la fundi, swali ambalo angeweza kulijibu usingizini, na hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kumwuliza kitu kama kile. Akajibu kwa furaha. Akaeleza kuhusu gundi na saa yake, kwamba ukingo haungoji mtu, kwamba lazima ubaki juu hadi ushike, ndipo upitishe kirola. Watu walikuwa wakimsikiliza. Hata yule mzee wa uji wa wimbi alikuwa akitikisa kichwa kukubali.

"Basi mingine hukubaki juu?" Bitutu aliuliza.

"Nilishuka, shangazi."

"Kwa nini?"

"Baba alikuwa anaingia."

Bitutu akaitikia kwa kichwa, akipendezwa. "Vizuri. Umefundishwa. Na huu?"

Ndipo Gentrix alipoliona shimo, tayari mguu ukiwa ndani. Nje mbuzi alikuwa akilia.

"Mwulizeni," Bonareri alisema kwa upole. "Mimi nilikuwepo. Baba Mogaka alikuwepo. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma."

Bitutu akamgeukia mdogo wake. Ogoti aligeuza kofia magotini, akaigeuza tena. Hakusema alichokiona, lakini hakusema pia kwamba hakukiona.

"Mtoto," Bitutu alisema, na sauti yake haikuwa kali, "hili ni zito, ila lina njia. Mkamwana hutii mume. Kama mume wake alimwambia abaki juu, basi kosa ni la mume, na mume ni mtoto wetu. Tutamtoza mbuzi mmoja, tutamla, yataisha leo leo." Akageuka. "Mogaka. Ulikuwa unashika ngazi?"

Gentrix alimtazama. Hakuomba, wala hakupepesa. Alimtazama tu kama unavyoutazama mlango wa kwako unapoona mvua inakuja.

Mogaka alimtazama mama yake. Bonareri alikuwa akifuta ukucha wake kwa pindo la leso.

"Mimi sikuwepo," Mogaka alisema. "Nilikuwa nje nakata ndizi."

"Hukumwambia kitu?"

"Ningemwambiaje na mimi niko nje, shangazi?"

Bitutu alishusha pumzi. Labda alijua. Wazee wengi hujua, lakini neno lililosemwa mbele ya ukoo ndilo linalosimama. Akarudi kwenye kiti chake, na alipoketi aliongea Kikisii, na hakuna aliyemtafsiria Gentrix. Hakuhitaji. Aliona wazee wakiinua fimbo zao mmoja mmoja na kuziweka chini, na akajua kwamba zizi limefungwa.

Chakula kikaandaliwa uani, chini ya turubai. Mogaka alipita karibu naye mlangoni, akasema haraka bila kusimama, "Tutaongea Nyanchwa. Usilie hapa, Genti, utanitia aibu." Kisha akaenda kunawa mikono.

Bonareri akamfuata jikoni. Alikuwa amebeba ndoo ya gundi na kile kibrashi kidogo.

"Kabla hujaenda," alisema, "ile mishono mingine inyooshe. Kazi ukiianza unaimaliza, si ndiyo? Au kwenu hamna hiyo?"

Mtu mwingine angeimwaga ndoo ile. Gentrix aliipokea. Ndani yake bado kulikuwa na kile kitu chepesi kisichotaka kufa: kwamba ukuta ukiwa mzuri wote, kwamba wakirudi ndani wameshiba na kuona majani yamekutana toka pembe hadi pembe, huenda mtu mmoja akasema neno. Kwamba kazi safi haiwezi kutazamwa na watu wengi kiasi kile, kila mmoja akaipa mgongo.

Sebule ilikuwa tupu. Akaiweka ngazi, akapanda. Akaufungua mdomo wa mshono wa kwanza kwa ncha ya kisu, akaulisha gundi, akaufunga kwa kidole. Kicheko kiliingia dirishani pamoja na harufu ya nyama. Akashika kirola, akangoja.

Akasikia fimbo ya Ogoti ikija barazani, tok, tok. Mwili wake ulishatangulia: mkono umeshika leso, mguu mmoja umeshuka. Akatega sikio kwa ajili ya kikohozi.

Mlango ukafunguliwa tu. Ogoti akaingia moja kwa moja, kofia kichwani, akapita chini ya ngazi, bega lake likagusa mguu wa ngazi ikatikisika. Akaketi kwenye kiti chake kikubwa, akanyoosha miguu, akawasha redio. Ndipo akainua uso, akamtazama usoni, macho kwa macho, kama mzee yeyote anavyomtazama mtu aliyemletea bidhaa.

"Habari ya kazi, fundi?" alisema kwa Kiswahili safi.

Gentrix aliurudisha mguu juu ya ngazi.

"Nzuri, mzee," akajibu.

Gundi ilikuwa imefika saa yake. Akapitisha kirola toka juu hadi chini kwa mkono mwepesi, na mshono ukalala.